Fundi Aliyeimbwa

Lori la Santino lilikuwa limeshaliacha soko la Arua nyuma, mimi niko juu ya magunia ya chumvi, begi la vyombo vya kazi katikati ya miguu, wakati wanawake wanaouza muhogo kando ya barabara waliponitambua.

Hawakunisalimu. Waliimba.

"Fundi wa mafuta, mkono wake unateleza! Ukimshika iko Arua, ukifumbua mkono iko Kaya!"

Walipiga makofi mpaka lori likapinda kona. Santino akatoa kichwa dirishani, jicho moja barabarani na jingine kwangu.

"Fundi, hawa wanakupenda sana!"

"Endesha gari lako."

"Naendesha. Lakini Koboko pia wanaujua huu. Na Oraba. Juzi nimemsikia karani wa mpakani anaupiga mluzi huku anagonga mihuri."

"Wiki hii utakwisha," nikamwambia. "Nakwenda Koboko kumkata ulimi aliyeutunga."

"Kwa kisu?"

"Kwa wimbo."

Santino alicheka mpaka lori likayumba. Yeye Mkristo wa kutoka Sudan, mambo ya ngoma zetu alikuwa anayaona mchezo.

Kama wiki iliyopita hukusoma, usihangaike kutafuta gazeti, nitakupa kwa kifupi. Mimi Tahiru, fundi wa cherehani. Mwaka ule wa 1974 nilikuwa na miaka thelathini na nne na sina mke. Tangu wenye maduka wa Kihindi waondolewe, sindano ya cherehani ilitafutwa kuliko dawa, na mtu anayejua kufufua mashine iliyokufa alikaribishwa kila nyumba. Nilichumbia Zulaika, mshonaji wa Arua. Siku ya arusi, imamu amekaa, wali umeiva, mimi niko Kaya ng'ambo ya mpaka. Nilisema lori liliharibika njiani. Lori halikuharibika. Niliogopa tu.

Zulaika hakulia wala hakwenda kwa chifu. Alikwenda kwa wenzake wa doluka.

Kwetu sisi Wanubi doluka ni ngoma ya wanawake, na ndiyo mahakama yetu. Mtu akikukosea unamtia ndani ya wimbo. Jina likishaingia humo halitoki mpaka utungwe wimbo mwingine wa kumtetea, uimbwe mbele ya watu. Wimbo wangu ulikuwa wa Kinubi, hapa nimeutafsiri, na kwa Kinubi unauma zaidi.

Baada ya wimbo ule nilibisha hodi nyumba tatu kutafuta mke. Ya kwanza walinipa chai na jibu la hapana. Ya pili walinipa hapana bila chai. Ya tatu, watoto walianza kuimba kabla sijafika mlangoni.

Akabaki Rabia wa Koboko. Macho makali, maneno machache, na alijua kuzungusha gurudumu la cherehani bila kukata uzi hata mara moja. Nilimtaka kweli, si kwa kumkomoa mtu. Baba yake alikuwa askari, kambi ya mbali, na neno la nyumba lilikuwa la bibi yake, Habuba Kulusum. Habuba ndiye aliyekuwa kiongozi wa doluka ya Koboko. Aliniletea ujumbe mfupi: "Jumamosi iko arusi hapa kwetu. Wanawake wa Arua wanakuja, Zulaika anawaongoza. Kama jina lako halikutoka ndani ya wimbo siku hiyo, Rabia simtoi. Usirudi kuuliza tena."

Ndiyo maana nilikuwa juu ya magunia ya chumvi.

*

Nilimkuta Habuba kwenye mkeka, anasuka kawa ya kufunikia chakula, nyuzi za rangi nne zimemzunguka.

"Salaam aleikum, Habuba."

"Aleikum salaam, Fundi wa Mafuta."

"Hata wewe?"

"Mimi nimefanya nini? Mimi iko naita mutu jina lake."

Nikakaa chini. Nikamwambia sikuja kuomba huruma. Nataka wimbo wa kumjibu Zulaika, wimbo wa kumchoma mpaka arudi Arua kwa miguu.

Habuba hakuinua macho kutoka kwenye kawa yake. "Mashine za kikundi changu iko saba. Zote zimekufa. Arusi Jumamosi, leo Jumatatu, na nguo za ngoma hata moja haijashonwa. Wewe fufua mashine, halafu tutaongea habari ya kuchoma."

Nilivua shati palepale.

Mafuta ya cherehani hayakuwepo Koboko nzima. Nikasafisha kwa mafuta ya taa, nikalainisha kwa mafuta ya simsim, yaani ufuta, ambayo yananukia vizuri lakini yanaganda baada ya wiki mbili. Mimi sikuhitaji zaidi ya Jumamosi. Rabia alikaa mbele yangu akizungusha gurudumu nikisema zungusha, akiacha nikisema acha. Nilikuwa nikimtazama sana, nikaharibu skrubu mbili.

Habuba akavuta kigoda akaja karibu. "Sasa sema makosa yake. Sema ya kweli tu. Wimbo wa uongo, wanawake wanausahau hata hawajafika nyumbani."

"Ana maneno mengi," nikasema.

"Nani alimpa la kusema?"

"Ana hasira."

"Kabla ya wewe kwenda Kaya, au baada?"

Nikafikiri. "Baada."

"Lingine."

"Hawezi kupika hata kisira, mkate mwembamba tu. Ikigeuzwa inakatika."

"Muongo wewe! Mimi nimekula kisira yake mwezi wa Ramadhani. Laini kama sikio la mtoto."

Rabia akacheka, akajifanya anakohoa. Damu ikanipanda. Watu wawili wananichunguza mimi, na kesi ni ya Zulaika! Ndipo nikatoa lile neno. Miaka yote hii sijamwambia mtu kwamba lilitoka kinywani mwangu, leo nawaambia ninyi.

Bibi arusi wetu anafukizwa. Wanachimba shimo dogo, wanatia makaa na vijiti vya mti wenye harufu, anakaa juu yake amefunikwa blanketi, siku hata siku, mpaka ngozi inabadilika rangi na moshi unaingia mwilini. Harufu ile haitoki kwa sabuni. Ni harufu ya mke wa mtu, na kila anayeisikia anajua.

"Walimfukiza wiki mbili," nikasema. "Siku ya arusi ikapita, harufu haikupita. Mwezi mzima alikuwa anakwenda sokoni ananukia bibi arusi, na bwana hakuna. Watu wanageuza vichwa, wanawake wanaziba midomo. Weka hilo, Habuba. Sema alikaushwa kwa moshi kama samaki, halafu akakosa mnunuzi."

Gurudumu likasimama. Sikuwa nimesema acha.

Habuba akasogeza kigoda. "Hilo ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Na wewe ulijuaje? Si ulikuwa Kaya?"

"Nilirudi baada ya siku kumi. Nilikuwa sokoni, nimejificha nyuma ya magunia ya karanga. Nilimsikia harufu kabla sijamwona."

"Ukafanya nini?"

"Nikangoja apite."

Habuba akasimama, akajifuta mikono. "Nimesikia," akasema. "Jumamosi utapata wimbo wako."

Siku ile nilikula sahani mbili.

*

Alhamisi Santino akaleta kitambaa cha arusi kutoka Arua. Cha kijani, ndege wa manjano. Wachezaji wote, wenyeji na wageni, walitakiwa wavae sare, na washonaji walikuwa hawa wa Koboko. Vipimo vya wageni vilikuja kwa kamba, kila mtu na kamba yake yenye mafundo: bega, kifua, kiuno. Kamba ya Zulaika niliitambua kabla hawajaitaja. Kiuno kile nilikijua bila mafundo.

"Gauni la Zulaika tunashona kwa mashine ile ya mwisho," Habuba akawaambia wenzake, "ile fundi hajamaliza."

Shetani hakuhitaji kunishauri, nilishajishauri mwenyewe.

Cherehani inashona kwa nyuzi mbili, ya juu na ya chini, na kazi ya fundi ni kuzifanya zishikane. Iko skrubu moja ndogo inayokaza. Ukiilegeza nusu mzunguko, mshono unaonekana mzuri machoni, umenyooka, lakini uzi mmoja umelala tu, haujashika kitu. Mtu akisimama na nguo ile, salama. Akikaa, salama. Akinyanyua mikono na kutikisa mabega kama wanavyotikisa kwenye doluka, nguo inaachia kuanzia kwapani mpaka chini.

Wimbo wa kumchoma, na gauni la kumvua. Mbele ya Koboko yote. Nikaona nimemlipa na riba.

Nikalegeza nusu mzunguko. Nikafikiri kidogo, nikaongeza robo.

"Hiyo unalegeza kwa nini?"

Rabia alikuwa nyuma yangu na mkasi mkononi.

"Uzi wenu mzito," nikasema. "Ukikazwa unakatika."

"Kumbe."

"Ndiyo hivyo. Mambo ya ufundi haya."

"Basi nimejifunza, fundi." Akachukua kipande cha kitambaa, akakipitisha chini ya sindano, akashona mstari mmoja, akautazama. "Mzuri," akasema. Akakitia kile kipande mfukoni, akaenda zake.

Ijumaa, baada ya swala, alinijia uani na kitu kimekunjwa. Kanzu nyeupe, mpya, shingo imetiwa nakshi.

"Nimekushonea mwenyewe," akasema. "Kesho watu wote watakutazama. Hutaingia ngomani na shati la mafuta."

Mimi, mtu mzima, machozi yalinilenga. Katika miaka yangu yote ya kutembea, hakuna mwanamke aliyewahi kunishonea nguo. Mimi ndiye niliyekuwa nawatengenezea mashine wakashonee wengine.

"Rabia, hii ina maana gani?"

"Ivae kwanza," akasema. "Maana utaijua."

Mtu mwenye akili angeuliza imeshonwa kwa mashine ipi.

*

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa. Wakubwa wa jeshi na bunduki zao walikaa kwenye viti, wazee kwenye mikeka, watoto juu ya ukuta. Wanawake wa Arua waliingia kwa mstari, kijani na manjano, Zulaika mbele.

Sikuwa nimemwona karibu mwaka mzima. Hakuwa amekonda kama nilivyoombea.

Doluka zikaanza. Habuba mwenyewe alikuwa kwenye ngoma kubwa. Zulaika akaingia katikati, akapiga magoti, akainuka, akatupa mikono juu, mabega yakatetemeka kama maji yanayochemka. Mimi nimekaa mbele kabisa, macho yangu kwenye kwapa lake.

Kwapa halikufunguka.

Akazunguka mara ya pili. Akainama mpaka nywele zikagusa vumbi. Mshono umetulia. Nikaanza kutoka jasho. Nusu mzunguko na robo, nilijihesabia, haiwezekani.

Habuba akanyamazisha ngoma kwa kiganja. "Iko mutu hapa aliniomba wimbo!" akatangaza. "Aingie achukue wimbo wake!"

Watu wakageuka. Nikasimama na kanzu yangu nyeupe, nikaingia katikati nimebenua kifua. Nilimpita Zulaika nikamwambia chini chini, "Leo utarudi Arua unatambaa."

"Karibu, Tahiru," akanijibu. "Kanzu imekupendeza."

Ngoma ikapiga. Mdomo uliofunguka haukuwa wa mwanamke wa Koboko. Ulikuwa wa Zulaika.

"Walinifukiza wiki mbili, nikadhani ni kwa ajili ya bwana!"

Na wote, Koboko na Arua kwa pamoja, wakajibu: "Kumbe ni moshi wa kufukuza mbu!"

"Mbu akaruka akavuka mpaka!"

"Moshi wa mbu!"

"Harufu ilibaki, mbu hakurudi!"

"Moshi wa mbu!"

"Hata usiku mmoja sikuumwa, nikamshukuru Mungu!"

Wazee kwenye mikeka walipiga mapaja. Mkubwa mmoja mwenye nyota begani alivua miwani ya jua akafuta macho. Lile neno langu la moshi, nililolitoa kama mkuki, Habuba alikuwa amempelekea Zulaika, wakalinoa upande wa pili.

Sasa, kwa desturi yetu, mwanamume akiimbwa mbele ya uso wake ananyanyua mikono miwili juu na kuzunguka mara moja, kuonyesha hana kinyongo. Asipofanya hivyo amekuwa adui wa uwanja mzima. Nilikuwa na kinyongo cha kujaza lori, lakini Rabia alikuwa amesimama pale ananitazama. Nikanyanyua mikono.

Nilisikia sauti kabla ya kuhisi upepo.

Kwapa la kulia likaachia, likafuata la kushoto, na mshono ukakimbia mpaka chini pande zote mbili. Kanzu ikabaki inaning'inia shingoni kama aproni ya mchinja nyama, mbele kipande, nyuma kipande. Ndani nilikuwa nimevaa kaptula niliyojishonea kwa gunia la sukari, na maandishi ya gunia yalikuwa yamekaa nyuma, herufi kubwa za bluu.

Watoto juu ya ukuta wakaanza kuyasoma kwa sauti, kama wako darasani.

Zulaika aliacha kuimba. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Akaja, akashika mshono wangu, akauvuta uzi mmoja kwa vidole viwili. Ulitoka wote mrefu, laini. Yeye ni mshonaji. Alijua mara moja.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi, dada," Rabia akajibu, akasogea mbele. "Kwa mashine ile ya mwisho. Fundi aliitengeneza mwenyewe. Aliitengeneza kwa ajili ya gauni lako."

Zulaika akagusa kwapa lake haraka.

"Lako nimeshona kwa mkono," Rabia akasema. "Usiku mbili. Usiogope."

Akatoa mfukoni kile kipande cha kitambaa cha Alhamisi, akakivuta mbele ya watu kikagawanyika, akanitupia kifuani.

"Rabia," nikasema, "mimi nilikutaka kweli."

"Najua. Ndiyo maana nilitazama mkono wako." Akamtazama Zulaika, akanitazama mimi. "Kesho ungelegeza wapi kwangu?"

Habuba hakuningoja nijibu. Akapiga ngoma, wimbo ukaanza upya kutoka mwanzo, safari hii na ubeti mpya wa kaptula.

Nilitoka uwanjani nimejishikilia vipande vya kanzu, nikapita sokoni, nikashika barabara ya Oraba. Kila hatua nilikuwa naapa. Nitarudi, nitawatengenezea mashine zote za Koboko ziwashone vidole. Nitamlipa Zulaika, nitamlipa Rabia, nitamlipa yule kikongwe. Santino alinikuta maili ya nne, akasimamisha lori.

"Panda, mbu," akasema.

Nikapanda.

*

Sasa niwaambie walivyoishia, maana wengine mmeniandikia barua mnauliza.

Cherehani saba ziliganda baada ya wiki mbili kwa sababu ya simsim. Habuba Kulusum alizichemsha kwa maji na majivu, zikapona. Alifariki mwezi wa sita 1979, njiani, walipokuwa wanakimbilia Sudan vita vilipofika West Nile. Amezikwa upande wa Kaya.

Zulaika aliolewa 1975 na Sulaimani, mchinja nyama wa Koboko, ambaye alimwona siku ile ngomani. Walimfukiza tena wiki mbili. Walizaa wawili. Vita vilipokuja walivuka wote, wakakaa Yei.

Rabia aliolewa na Kenyi, mwalimu wa shule moja ya Midia. Rabia mwenyewe alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani. Wateja wangu wote wa Koboko wakaenda kwake.

Santino aliuza lori 1977. Alikwenda Juba kwa dada yake na sikumwona tena.

Mimi sikurudi kumlipa mtu. Nilifanya kazi Kaya, nikaenda Yei, nikasikia Zulaika yuko pale, nikaondoka kesho yake. Mwisho wa 1979 nilioa Juba. Mke anaitwa Celestina, Mkristo, mpole, na nilimchagua kwa sababu hakujua Kinubi hata neno moja, kwa hiyo wimbo ule asingeuelewa. Tuliishi miezi saba bila ugomvi. Mwezi wa nane wa ndoa chumba cha pili kikapata mpangaji, mama mmoja wa Kinubi kutoka Koboko, na Celestina akamwita aje kunywa chai.